Fidia Kabla ya Kosa: Mafunjo ya Ufuko wa Kisumu na Swali la Kulipia Uhai

Ufidiaji wa bioanuwai, yaani wa jumla ya viumbe hai pamoja na mazingira yanayowalea, ni utaratibu unaompa ruhusa mwenye kutaka kuharibu makazi ya viumbe mahali pamoja, kwa sababu ya barabara, bandari, shamba au bwawa la umeme, kwa sharti kwamba atalinda au atafufua makazi ya aina hiyo mahali pengine, ili mwisho wa hesabu pasipungue kitu. Wazo hili lina umri wa zaidi ya nusu karne. Mkataba wa Ramsar wa 1971 kuhusu ardhi oevu, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1990, unaeleza katika kifungu chake cha 4 kwamba nchi ikilazimika, kwa maslahi ya dharura ya taifa, kupunguza eneo lililoorodheshwa, inapaswa kadiri iwezekanavyo kufidia hasara hiyo kwa kutenga hifadhi nyingine, papo hapo au kwingineko. Marekani ilikwenda mbali zaidi, kwani juu ya msingi wa sheria yake ya maji safi ya 1972, na hasa baada ya serikali ya George H. W. Bush kutangaza shabaha ya kutopoteza ardhi oevu kwa jumla, ilikua biashara kamili ambamo kampuni hufufua vinamasi kisha huwauzia wajenzi wanaofukia vinamasi vingine haki ya kuzihesabu ekari zilizofufuliwa kuwa zao. Wataalamu wameliwekea jambo hili utaratibu wa hatua: kwanza madhara yaepukwe, yasiyoepukika yapunguzwe, yaliyobaki yarekebishwe palepale, na fidia ije mwisho kabisa. Katika utekelezaji, hata hivyo, hatua hiyo ya mwisho mara nyingi ndiyo inayozungumzwa mwanzo, kwa kuwa ndiyo pekee inayomwacha mwekezaji aendelee na ramani yake bila kuibadilisha.

Kenya haina soko la namna hiyo ya Kimarekani, lakini vipande vya utaratibu huu vimo tayari katika sheria zake. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kukausha, kufukia au kujenga katika ziwa, mto au ardhi oevu bila idhini, na inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi kuanza. Kanuni za 2009 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fuko za maziwa zinaongeza kwamba rasilimali za ardhi oevu zitumiwe kwa namna inayoiacha ardhi hiyo iendelee kuwapo. Masharti ya fidia huingia kupitia leseni anazopewa mwekezaji na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, au kupitia kanuni za benki za kimataifa zinazotoa mikopo. Kwa hiyo, kanuni za fidia katika ufuko wa Kenya wa Ziwa Victoria zinaandikwa mradi kwa mradi, mezani, na mara nyingi kabla ya mwananchi wa Dunga au Yala kujua kwamba kinamasi chake kimewekwa kwenye mizani. Ikumbukwe pia kwamba kati ya maeneo sita ambayo Kenya iliyaorodhesha chini ya Ramsar kuanzia Nakuru mwaka 1990 hadi Delta ya Tana mwaka 2012, hakuna hata moja lililo katika ufuko huu.

Kabla ya kuuliza kama kitu kinaweza kufidiwa, ni haki kukitazama chenyewe. Kinamasi cha Dunga, kusini mwa mji wa Kisumu, ni kichaka cha mafunjo, mmea wa majini ambao shina lake laini lenye pembe tatu hupanda hadi kumpita mtu mrefu mara mbili na zaidi, na ambao mizizi yake husukana kuwa mkeka mzito unaoelea. Maji machafu yanayoshuka kutoka mitaani na mashambani hupita katika mkeka huo, yakaacha sehemu ya tope na mbolea yake kabla ya kufika ziwani. Wanawake na wanaume wa ufukoni hukata mashina, huyaanika juani na kuyasuka mikeka na vikapu, na mmea uliokatwa kwa kiasi huchipua tena. Ndani yake anaishi gonoleki wa mafunjo, ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani na mwenye utosi wa njano, ambaye maisha yake yamefungamana na mmea huu kiasi kwamba penye mafunjo yaliyofyekwa hapatikani. Maji yaliyo chini ya mkeka yana oksijeni kidogo sana. Kamongo huyastahimili kwa sababu ana mapafu na hupanda juu kuvuta pumzi, lakini mbuta, samaki mla samaki aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, hawezi kuyapita.

Upungufu huo wa oksijeni, ambao mhandisi angeuandika kuwa kasoro ya maji, ndio uliookoa jamii nzima ya samaki. Ngege wa asili, anayeitwa na wanasayansi Oreochromis esculentus, alikuwa samaki mkuu wa wavuvi wa Ghuba ya Winam mwanzoni mwa karne ya ishirini, akatoweka karibu kabisa katika ziwa kuu kutokana na uvuvi uliokithiri, perege wa kigeni na mbuta. Akabaki hai katika Ziwa Kanyaboli, ziwa dogo la kilometa za mraba kama 10 katika kaunti ya Siaya, lililotengwa na ziwa kuu na mafunjo ya kinamasi cha Yala. Hakuna mtu aliyepanga Kanyaboli iwe kimbilio, na hakuna orodha ya thamani iliyoandikwa mwaka 1950 ambayo ingetaja kazi hiyo. Hapa ndipo ugumu wa kwanza wa ufidiaji unapojitokeza, nao ni wa kifalsafa zaidi kuliko wa kiufundi: fidia hudai orodha ya kinachopotea, na kinamasi kina kazi ambazo zitajulikana tu siku zitakapohitajika.

Historia ya Yala inaonyesha pia ugumu wa pili. Kinamasi hicho, chenye hekta zipatazo 17,500, kilianza kukaushwa katika miaka ya 1960, na hekta kama 2,300 zikageuzwa mashamba. Kuanzia 2003 kampuni ya Dominion Farms, yenye asili yake katika jimbo la Oklahoma, Marekani, ilikodishiwa na halmashauri za Siaya na Bondo hekta zipatazo 6,900 kwa miaka 25, ikajenga tuta na mifereji, ikalima mpunga, kisha ikaondoka kabla ya mkataba kwisha, na mwekezaji mwingine akafuata. Katika mazungumzo ya aina hii, hapo Yala na kwingineko, wenyeji huahidiwa ajira, madarasa, zahanati na barabara. Ahadi hizo zaweza kuwa njema, na mwenye mtoto mgonjwa asilaumiwe kwa kuitamani zahanati. Lakini zahanati hailingani na kiota. Anayepoteza ni ndege, samaki, nzohe wa kinamasini na mkata mafunjo. Anayelipwa ni mtu mwingine, kwa sarafu nyingine, na jina la fidia hutumika kufunika ukweli kwamba deni la mmoja limelipwa kwa mwingine.

Dini zinazofuatwa Kisumu zina mengi ya kusema juu ya jambo hili kuliko inavyodhaniwa, maana swali la kulipia uhai uliotwaliwa limejadiliwa na wanazuoni kwa karne nyingi kabla ya wahandisi wa mazingira kulifikia. Mfano ulio karibu kuliko yote umo katika Kurani, sura ya Al-Maida, aya ya 95, inayohusu mtu aliyeingia katika ihramu, yaani hali takatifu ya hija, akaua kwa makusudi mnyama wa mwituni. Hukumu yake ni kutoa mnyama wa kufugwa anayefanana na yule aliyeuawa, na kufanana huko kuamuliwe na watu wawili waadilifu. Au alishe maskini. Au afunge saumu kwa kiasi hicho. Mafakihi walikwenda kwa undani: kwa mbuni ngamia, kwa swala mbuzi. Kwa mtazamo wa juujuu, hii ni fidia ya wanyamapori iliyokamilika, yenye kanuni ya ulinganifu na kamati ya tathmini.

Tofauti inaonekana mtu anapouliza malipo hayo yanakuja lini na yanafanya kazi gani. Hakuna fakihi aliyesema kwamba hujaji mwenye ngamia anaweza kumtoa mapema, akaandikiwa kibali, kisha akaenda kuua mbuni wake kwa moyo mweupe. Aya yenyewe inaanza kwa katazo, na inaeleza kwamba malipo yamewekwa ili mkosaji aonje uzito wa alichotenda. Hiyo ndiyo maana ya kafara: tendo la kurekebisha linalofuata kosa, linalolitambua kuwa kosa, na linalomgharimu mwenye kulitenda. Malipo yanapotangulia kosa na kulihalalisha, yanakuwa ada. Mtu aliyelipa ada hadaiwi toba, hana aibu, na kesho anaweza kulipa tena, kwa kuwa hakufanya lolote ila kununua kilichokuwa kikiuzwa. Hapa ndipo penye kiini cha hoja ya insha hii: ufidiaji wa makazi ya viumbe waweza kutetewa kama kafara ya madhara ambayo kwa kweli hayakuepukika, lakini hauwezi kutetewa kama bei ya ruhusa, hata kama ekari ni zilezile na miche iliyopandwa ni ileile.

Biblia, ambayo wengi wa wakazi wa ufuko huu huisoma, ina kisa kinachofika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani anamsimulia mfalme Daudi habari za tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, aliyelelewa nyumbani kama binti. Daudi anakasirika na kuamuru tajiri alipe mara nne, akifuata sheria ya kitabu cha Kutoka. Uwiano wa mara nne ungewapendeza wataalamu wa leo, ambao mara nyingi hudai hekta nyingi zifufuliwe kwa kila hekta inayoharibiwa. Lakini nguvu ya kisa iko katika jambo ambalo uwiano hauligusi, kwamba maskini hakuwa na kondoo kama kiasi cha kondoo. Alikuwa na huyu. Daudi mwenyewe anaisoma dhambi kwa njia hiyo, kwani anasema tajiri ana hatia kwa kuwa hakuwa na huruma, na hesabu ya mara nne haiwezi kuiondoa hatia hiyo. Mwanafalsafa wa Australia, Robert Elliot, aliandika mwaka 1982 hoja iliyo karibu na hii bila kutegemea dini: mandhari iliyofufuliwa, hata ikifanana kabisa na ya awali, haina thamani ileile, kwa sababu sehemu ya thamani ya kitu cha asili ni historia yake, namna kilivyofikia kuwa kilivyo. Hoja yake ilipingwa na wengi kuwa imekazia mno asili kana kwamba ni kazi ya sanaa. Kwa mfano wa Kanyaboli, hata hivyo, historia ndiyo ngege mwenyewe.

Kesi iliyo wazi kuliko zote katika ukanda huu ilitokea ng'ambo ya ziwa, karibu na mahali Nili inapotoka ziwani, Jinja, Uganda. Maporomoko ya Bujagali yalizamishwa na bwawa la umeme la megawati 250 lililozinduliwa mwaka 2012. Kwa Wasoga maporomoko hayo yalikuwa makao ya pepo Budhagaali, na mganga aliyebeba jina na cheo chake alikataa kukubali kwamba pepo anaweza kuhamishwa, ijapokuwa sherehe za kumhamisha zilifanyika kwa msaada wa watu wa mradi. Mkataba wa 2007 kati ya Benki ya Dunia na serikali ya Uganda uliweka fidia: maporomoko ya Kalagala, chini zaidi ya mto, yangelindwa pamoja na mazingira yake ya asili na maana yake ya kiroho, yasije nayo yakajengewa bwawa. Kisha likaja bwawa la Isimba, la megawati 183, lililozinduliwa mwaka 2019, na maji yake yakapanda hadi ndani ya eneo lile lililotengwa, ikabidi mipaka ya ahadi ijadiliwe upya.

Kalagala inafaa kutafakariwa kwa utulivu, kwa sababu waliouandika mkataba wake hawakuwa watu wa mzaha, nao walitambua jambo ambalo wengi hulipuuza, yaani kwamba maporomoko yana maana ya ibada. Kosa lilikuwa la ndani zaidi. Kwanza, waliichukua hali ya utakatifu kuwa sifa ambayo mahali pawili huweza kuwa nayo kwa viwango vinavyolinganishwa, hivyo mahali pamoja pasimame badala ya pengine, ilhali kwa mwenye kuabudu pepo wa Bujagali yuko Bujagali. Pili, Kalagala ilikuwapo tayari. Hakuna maporomoko mapya yaliyozaliwa. Kilichotolewa kilikuwa ahadi ya kutoharibu kitu cha pili kama malipo ya kuharibu cha kwanza, na ahadi ya kutoharibu ni wajibu wa kila siku ambao hauwezi kuhesabiwa kuwa malipo. Tatu, ahadi hiyo haikufungwa katika ardhi yenyewe kwa nguvu ambayo ingemzuia mjenzi wa bwawa lililofuata. Mwenye kuharibu Dunga leo kwa kuahidi kuilinda Yala atakuwa amefanya kosa hilohilo mara tatu.

Inaweza kudhaniwa kwamba imani za jadi hazikubali ubadala wa aina yoyote, lakini ushahidi wa Nyakach, katika kaunti ya Kisumu, unapinga dhana hiyo. Omieri ni jina la chatu anayeaminiwa na wenyeji kuleta mvua na mavuno mema anapojitokeza. Mwaka 1987 chatu aliyebeba jina hilo aliungua kwa moto, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa huko, na jamii ikaomboleza. Mwaka 2003 chatu mwingine alitokea Nyakach, akataga mayai, na wengi wakamtambua kuwa Omieri amerudi, huku baadhi ya watumishi wa makanisa wakilaani heshima aliyopewa. Mwanazuolojia angesema ni nyoka wawili tofauti. Jamii ilimpokea wa pili kuwa yuleyule, na hakuna sababu ya kuidharau kauli hiyo, kwa kuwa inabeba falsafa kamili ya mwendelezo: Omieri ni uhusiano kati ya watu, vichaka, mvua na mnyama, na uhusiano huo waweza kuendelea katika mwili mwingine. Ila ubadala huo ulikuja wenyewe, ukapokelewa. Haukupangwa na aliyewasha moto. Na uliwezekana kwa sababu vichaka vya Nyakach vilikuwa bado vipo vya kumrudisha chatu. Mila hii inakubali kwamba kiumbe huweza kurithiwa na kiumbe, na papo hapo inakataa kwamba makazi yao yanaweza kuhamishwa kwa barua.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii ni la watu maskini, nalo halipaswi kupitwa haraka. Kisumu inahitaji bandari, maji taka yaliyosafishwa, barabara na kazi. Anayelima mahindi pembezoni mwa kinamasi anatafuta chakula, na kumkataza kwa jina la ndege ni kumtwisha mzigo ambao hakuuanzisha. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa aliyezaliwa Ugenya mwaka 1944 na kufariki 1995, aliyehariri mwaka 1994 kitabu cha falsafa, ubinadamu na ikolojia, alilijibu tatizo hili kwa kile alichokiita maadili ya dunia-mzazi. Aliwatazama wanadamu kama watoto wa nyumba moja, wengine matajiri na wengine mafukara, ambao wote wanakula kutokana na urithi wa mzazi mmoja, kwa hiyo mali ya aliyefanikiwa haiko nje ya deni la familia, na mahitaji ya kuishi ya aliye duni yana uzito kuliko starehe ya mwenzake. Kwa kipimo hicho, mkulima wa robo ekari na kampuni ya hekta elfu kadhaa hawasimami mbele ya kinamasi wakiwa sawa. Wa kwanza ana dai la kuishi, ambalo jamii inapaswa kulitimiza kwa namna isiyomlazimisha kuila ardhi oevu. Wa pili ana dai la faida, na faida inaweza kutafutwa mahali pengine. Oruka hakuandika juu ya ufidiaji, lakini mfumo wake unalifunua jambo ambalo lugha ya wastani na jumla hulificha: katika familia, mtoto anayeuza sehemu ya shamba la mzazi hawezi kuwatuliza nduguze kwa kuwaambia kwamba shamba lililobaki linamtosha yeye.

Pingamizi lingine ni la kiutendaji, na lina ukweli ndani yake. Fidia inayongoja uharibifu uishe mara nyingi haifiki. Mafunjo yakishafukiwa, mwekezaji ameondoka na mdhamini hapatikani. Ni bora basi, husemwa, kazi ya kufufua ianze mapema. Hilo likubaliwe, ila litenganishwe na uhalalishaji. Kufufua kinamasi kungeweza kutangulia kwa miaka, huku uamuzi wa kuruhusu madhara ukifanywa kana kwamba hakuna kilichofufuliwa, kwa kupima tu kama madhara hayo yanaepukika. Utaratibu huo ungebadilisha mengi katika vikao vya tathmini. Wale waadilifu wawili wa aya ya Al-Maida, wakitafutwa Dunga, wangepatikana miongoni mwa wakata mafunjo na wavuvi wa kamongo, wakiwa na kauli yenye uzito sawa na ya mtaalamu aliyelipwa na mradi, juu ya swali la kama eneo la pili linafanana na la kwanza kweli.

Nyenzo za kisheria za kuifunga fidia ili isiyeyuke kama ya Kalagala zipo Kenya, ingawa hazitumiwi inavyostahili. Sheria ya 1999 inaipa mahakama uwezo wa kuweka juu ya kipande cha ardhi haki ya mazingira, yaani sharti la uhifadhi linalomfuata kila mmiliki atakayekuja, kwa muda maalumu au milele, na inatambua kwamba mwenye ardhi inayobebeshwa sharti hilo anastahili kulipwa. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kuiendea mahakama kulinda mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara, na kwa hiyo sheria yenyewe imekwisha kukiri kwamba kinamasi kinaweza kudhulumiwa hata pale ambapo hakuna binadamu wa kulipwa. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa Kisumu. Leseni yoyote inayoruhusu kupoteza mafunjo ya ufuko huu ingepaswa kutanguliwa na haki hiyo ya milele juu ya eneo la fidia, iliyosajiliwa kwa jina la eneo, mpaka wake ukiwa umetembelewa kwa miguu na wanaoishi kandokando yake, na gharama ya kulisimamia ikiwa imewekwa na mwekezaji kabla ya tingatinga kuteremshwa kutoka kwenye lori.